Viti Sita vya Wageni

Bofu, Likoni
Jumamosi, 8 Julai 2023

Kwako kaka yangu Randu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umeketi, maana nimeambiwa mguu umeanza tena kukusumbua, na nakujua, ukiambiwa upumzike ndipo unapolitafuta jembe. Shemeji Pascalia hajambo? Wajukuu je? Nimesikia mihogo ya Kaloleni mwaka huu imestahimili, nikafurahi. Sisi huku tu wazima. Mimi kifua kilinibana mwezi wa tano wakati wa mvua, nikanywa dawa za hospitali na za jirani pamoja. Sijui ni zipi zilizoniponya, ila zote nilizilipia.

Najua utaigeuzageuza bahasha hii ukijiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ninayo na salio ninalo. Lakini mimi na wewe kwenye simu twajuana. Nikifika panapouma utasema mtandao haushiki, nami nitasema umekata makusudi. Barua haikatiki. Nimempa Ngala, yule dereva wa lori la simenti apitaye huko Jumatatu, nikamwambia akutie mkononi mwenyewe.

Miaka miwili sasa tangu matanga ya mama. Maneno niliyokutolea siku ile mbele za watu sijayasahau, na najua nawe hujayasahau. Nitayafikia. Kwanza niache nikusimulie habari za sahani za shule, maana hizo ndizo zilizonipeleka huko.

Kazi yangu waijua. Nilianza na viti kumi na viwili vya plastiki, nilivyonunua kwa akiba ya kuuza viazi vya karai langoni mwa ghala moja pale Changamwe. Leo ninavyo viti mia mbili na arubaini, turubai nne, sufuria kubwa tisa na chupa za chai kumi na mbili. Watu hapa hawaniiti Nyamvula tena, waniita Mama Viti. Kila kitu changu kina namba kwa rangi nyekundu upande wa chini, na kila kinachotoka naandika mwenyewe kitabuni: nani kakichukua, kwa shughuli gani, kitarudi lini. Hakuna aliyenifundisha hesabu hizo. Shule mimi niliishia darasa la sita, kama ujuavyo.

Sasa, shule ya msingi ya hapa mtaani hupika chakula cha mchana. Mtoto hulipa shilingi thelathini kwa sahani. Lakini kuna mfadhili anayewajazia wale ambao kwao hamna, hao hulipa tano tu. Mwaka jana mfadhili alinung'unika, na alikuwa na haki. Kuna bwana mmoja hapa ana vyumba sita vya kupangisha, na wanawe wawili walikuwa wakila kwa shilingi tano, ilhali watoto wa wapangaji wake wanalipa thelathini. Mwalimu mkuu, anaitwa Mwalimu Lenox, mtu wa bara mpole sana, akaambiwa aweke utaratibu wa kuhakikisha ni nani anayestahili, la sivyo msaada utakoma. Akaja dukani kwangu. Akasema amesikia kwamba kwa Mama Viti hakijapotea hata kijiko.

Kaka, nilijisikia. Mtu wa darasa la sita naombwa na mwalimu mkuu nimpangie kazi! Nilikaa siku tatu na kalamu. Nikaandika hivi: anayeandika asijue, na anayejua asiandike. Walimu wa madarasa wapokee majina na kuwapelekea wazazi barua, wakisema siku fulani kamati itafika nyumbani. Barua isiseme tunakuja kutazama nini, ili mtu asifiche mali yake. Sisi wa kamati nasi tusijue nyumba zipi hadi asubuhi ile ile tutakapofungua bahasha, ili tusihongwe. Tukifika tujaze fomu ya alama: paa, sakafu, viti, vyombo, chakula kilichopo siku hiyo, wanaolala chumba kimoja. Jumla alama ishirini. Chini ya kumi, mtoto anapata nafuu. Kumi na kuendelea, jina linaondoka. Na la mwisho, hilo nililipigia mstari: alama ikishaandikwa haifutwi. Nimewaona watu wanaofuta vitabu vyao.

Tulikuwa watatu. Mimi mwandishi, Mwalimu Roseline wa darasa la nne, ambaye barua za darasa lake alizishughulikia mwalimu mwenzake, na Bwana Abubakar, mstaafu wa bandari, mwenyekiti wa wazazi, mtu wa mzaha asiyeishiwa. Tulizunguka nyumba sitini na nne kwa siku nane. Nami nakuambia kweli, tulipokewa! Sikutarajia. Nyumba baada ya nyumba, vitambaa mezani, chai ya viungo, mahamri. Bwana Abubakar siku ya tatu akasema kazi hii laiti angeijua mapema asingekaa bandarini miaka thelathini.

Siku ya tano tukaingia kwa Dama. Dama ni mtu wa kwetu, wa upande wa Bamba, mjane. Hufulia watu nguo. Ana mtoto mmoja, Cindy, yuko darasa la nne kwa Mwalimu Roseline. Chumba kimoja, lakini ndani viti sita vyeupe vimepangwa kama vya arusi, chupa ya chai ya kijani yenye maua, mandazi kwenye sinia yamefunikwa kwa kawa. Mama yake alipomwita, Cindy aliitika abee, akaja na jagi na beseni kutunawisha mikono. Jagi likamwelemea, maji yakamwagikia viatu vya Bwana Abubakar, naye akacheka akasema viatu vilikuwa na kiu. Nilikula mandazi matatu. Nikaandika viti alama nne, vyombo tatu, chakula tatu, na mengine. Jumla kumi na tatu.

Kalamu ikaniponyoka. Nikainama kuiokota. Na chini ya kiti cha Mwalimu Roseline nikaona rangi nyekundu: 114.

Nikajua Munga, mfanyakazi wangu, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, anakodisha viti vyangu kwa mlango wa nyuma. Nilipofika dukani jioni sikumsalimu, nilimwuliza viti namba 111 hadi 116 viko wapi. Hakushtuka. Aliendelea kusuuza sufuria, akaniambia Mama, kitabu huandika wewe, mimi husukuma mkokoteni tu. Nikafungua kitabu. Mwandiko ni wangu. Dama, viti sita, chupa ya chai moja, siku nane, wageni. Nikakumbuka hata siku yenyewe. Nilikuwa nimemtania, wageni gani hao wa siku nane, wanahamia? Naye akacheka, akasema wageni wetu safari hii ni wengi. Nikampunguzia bei.

Basi nikafunga kitabu, moyo ukatulia. Viti havijaibwa.

Mwezi wa sita orodha ikatoka. Watoto ishirini na watatu katika hao wetu walikuwa wameondolewa. Nilipoyasoma yale majina nikaanza kusumbuka, si kwa huruma, nakuambia kweli, ni kwa hesabu. Kulikuwa na jambo halikai sawa. Yule bwana wa vyumba sita alikuwa amepata alama nne. Nne! Tulimkuta ameketi kwenye gunia, sebule tupu, ukutani alama nyeupe ya mraba pale runinga ilipokuwa ikikaa. Dama anayefua hadi ngozi ya vidole imebambuka, kumi na tatu. Nilijumlisha upya mara tatu. Hesabu ilikuwa sahihi na jibu lilikuwa la uongo, na kaka, katika maisha yangu sijawahi kuona hayo mawili pamoja. Nilitaka kujua yamekutana wapi.

Nikamwomba Mwalimu Lenox aniruhusu kuzitazama zile fomu ofisini kwake, mbele ya macho yake. Nilizipanga mezani moja moja, zingine nikazipanga sakafuni, karani wake akawa anapita kwa kuruka. Katika zile ishirini na tatu, kumi na nne zilikuwa za kichochoro kimoja, cha kina Dama. Na zote kumi na nne, kwa mkono wangu mwenyewe, zilisema: viti sita vyeupe, chupa ya chai kijani.

Seti hiyo ilikuwa moja, kaka. Wanawake wa kichochoro kile walichanga, wakamtuma Dama akodi. Tulipotoka kwa huyu kwenda nyumba za ng'ambo ya barabara, viti vikabebwa uani kupelekwa kwa yule anayefuata. Kwa siku nane nilikalia viti vyangu mwenyewe katika nyumba kumi na nne, na kila nilipokaa nikaandika alama nne.

Nilikwenda kwa Dama. Safari hii hakujua naja. Kulikuwa na mkeka na ndoo iliyopinduliwa. Akanikaribisha kwenye ndoo. Nilimwuliza kwa nini walifanya vile, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. Akasema barua ilitoka shuleni, ina muhuri, inasema watu watatu watafika nyumbani kwangu. Sasa Mama Viti, watu wa muhuri niwakalishe ndooni? Waende wakaseme mama Cindy hana adabu? Nikamwuliza basi kwa nini hakutuambia kwamba viti ni vya kukodi. Hapo alicheka kabisa. Wewe mgeni wako humwambia sukari umekopa?

Nikamwuliza na yale mandazi. Akasema ule ulikuwa unga wa siku mbili, lakini tulikula vizuri, alifurahi.

Hakujua kwa nini Cindy ameondolewa. Barua ya matokeo nayo haikusema sababu, maana utaratibu wangu ulikataza. Yeye alidhani ni yale maji yaliyomwagikia viatu vya mwenyekiti. Wiki mbili nzima alikuwa amemgombeza mtoto kwamba ameikosa sahani kwa mkono wake mwenyewe. Cindy alikuwa pale mlangoni, akisikiliza, mikono ameificha nyuma.

Kesho yake nilipita shuleni saa ya mchana. Watoto wamejipanga na sahani. Cindy hakuwa kwenye mstari. Alikuwa mferejini na kikombe. Alikunywa, akajaza tena, akanywa. Sahani yake ilikuwa ndani ya mkoba, niliuona ukingo wake. Nilimwuliza mbona umeileta na huli. Akasema, huenda wakaniita.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Marekebisho yalikuwa yanapokelewa kwa mfadhili hadi Ijumaa adhuhuri, tarehe thelathini, baada ya hapo orodha inafungwa hadi mwaka ujao. Jumatano ikawa Idd, shule imefungwa. Nikaenda nyumbani kwa Bwana Abubakar, nikamkuta na wajukuu na sinia la pilau, nikamweleza kila kitu. Alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaacha ghafla. Akasema wallahi Mama Viti, umetukalisha raha mustarehe tukawanyima watoto chakula.

Alhamisi tukakaa kikao. Mwalimu Lenox alisema njia iko moja. Aliyeandika fomu aandike kwa mkono wake kwamba amekosea, amekosea nini, na aliujua ukweli lini na vipi, atie sahihi, kisha atoke kwenye kamati. Fomu zote kumi na nne zitafutwa. Bila karatasi hiyo mfadhili hatabadilisha hata jina moja. Nilisema haya, nitaandika. Mtu kukosea si aibu. Hapo Mwalimu Roseline, ambaye huwa hasemi sana, akaniuliza swali moja. Akasema, Mama Viti, ile kalamu ilipoanguka kwa mama Cindy, nilikuona ukikitazama kiti changu. Ulijua siku ile?

Randu, hapa ndipo nilipotaka ufike.

Nilijua. Nimekuambia kwamba nilifunga kitabu moyo ukatulia, sikukuambia fomu ya Dama ilikuwa wapi. Ilikuwa mkobani mwangu. Niliipeleka shuleni asubuhi yake. Usiku ule niliitoa nikaitazama, kumi na tatu, nikijua wazi kwamba ukitoa viti na chupa ni sita, na kwamba sita ni sahani ya mtoto. Nikairudisha. Nilijiambia alama ikishaandikwa haifutwi. Nilijiambia watasema Mama Viti anapendelea wateja wake. Lakini la ndani kabisa ni kwamba utaratibu ulikuwa wangu, watu wenye elimu wameusifu, na sikutaka uonekane na tundu. Nikamwachia mtoto wa watu alale na tundu hilo.

Nilipokuwa natafuta la kumjibu Roseline, nikahisi swali la viti kama lile nimewahi kuulizwa. Na nikakumbuka wapi.

Unakumbuka mwaka wa tisini na tatu, yule mgeni wa kanisa aliyekuwa akitafuta watoto wa kulipiwa karo? Majina yetu yalipelekwa yote mawili. Wewe ulikuwa ukikaa kwa Hawe, bibi yetu, kule juu, mimi niko kwa mama. Akaja kwenu asubuhi, akaja kwetu jioni. Wewe ukachukuliwa, mimi nikaachwa. Na mimi miaka thelathini nimeamini, na nimewaambia watu, na siku ya matanga nikapiga kelele mbele ya kaburi bichi, kwamba wewe ulimwambia yule mgeni mimi ni wa kike, nitaolewa, nisipotezewe pesa. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na hesabu tu: damu moja, shida moja, mmoja kapita na mmoja kaachwa. Lazima kuna aliyesema neno.

Aliyesema neno ni mimi, kaka. Mama aliposikia mgeni anakuja alinituma kwa katekista kuazima. Viti vinne, kitambaa cha meza, vikombe vya udongo vyenye ukingo wa dhahabu. Nilikwenda na kurudi mara tano, kiti kichwani, nikiimba. Sikuwahi kuiona nyumba yetu imependeza vile. Yule mgeni akakaa, akanywa chai, akanitazama kwa upole, akaniuliza, binti, viti hivi ni vyenu? Mama alikuwa jikoni. Nikasema, ndiyo. Akaandika kitu kwenye karatasi yake.

Ile ndiyo yangu sikuisahau hata siku moja. Niliificha tu, mbali kiasi kwamba nikaanza kukutafuta wewe. Ilikuwa rahisi kukuchukia wewe uliyesoma kuliko kumchukia msichana wa miaka kumi na mitatu aliyekuwa na furaha ya viti. Nami nikaja kufanya kazi ya viti. Sijui kama hilo ni bahati au ni nini, nalifikiria, silimalizi.

Nilimjibu Roseline kwamba ndiyo, nilijua, na fomu ilikuwa mkobani. Nikaandika hivyo hivyo kwenye karatasi, kurasa mbili, nikatia sahihi. Mwalimu Lenox akaisoma, akaipiga muhuri. Ijumaa saa nne asubuhi Bwana Abubakar akavuka nayo kivuko mwenyewe hadi ofisi ya mfadhili, akarudi na nakala imeandikwa imepokelewa. Mimi si mwanakamati tena. Mtaani washaanza kusema nilipanga yote ili nikodishe viti. Acha waseme. Niliwaachia pendekezo moja tu kabla sijaondoka: waache kuhesabu vya nyumbani, wawaulize walimu wawili, kila mmoja peke yake, ni nani huenda mferejini saa ya chakula. Wakitofautiana ndipo waende nyumbani, na wasitume barua. Wanalijaribu muhula huu. Na yule bwana wa vyumba sita naambiwa atatembelewa, hajaambiwa lini.

Jumatatu nilisimama nje ya ua wa shule kama mtu anayesubiri mtu. Walipopiga kengele, Cindy alitoa sahani mkobani akaipangusa kwa sketi. Akajipanga wa tisa. Alipofika mbele mpishi alitazama orodha, akateremsha kidole, akateremsha, nami nikahesabu pumzi. Kisha akachota wali, akachota maharagwe. Mtoto alishika sahani kwa mikono miwili. Haikumwagika.

Kaka, nisamehe. Siombi kwa sababu mama hayupo, wala kwa sababu watu wamesema. Naomba kwa sababu nilikudai kitu ambacho hukuchukua. Na kwa waliokuwepo matangani nitalisema hili mwenyewe, mdomo ule ule.

Kuna jambo moja tu sina wa kumwuliza ila wewe. Asubuhi ile kwa Hawe, yule mgeni alikaa wapi? Nimemfikiria Hawe wiki nzima, ukali wake ule, na naona kama namsikia akikataa kuazima hata kijiko. Alimkalisha chini? Alimwambia nini? Nataka kulijua hilo kuliko vyote.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, Mungu akipenda, ukiniruhusu. Nitaleta dawa ya mguu na unga kidogo. Nisalimie shemeji, umwambie nimesema asipike cha ajabu. Watoto wote wabusu. Munga anakusalimu, ingawa hamjuani, anasema aliyenifanya niandike kurasa zote hizi bila kumfokea hata mara moja lazima ni mtu wa maana.

Na Randu, nikija, usitume mtu kwa jirani. Tandika mkeka.

Ni mimi dadako,
Nyamvula